Maji ya kunywa Goma kwa gharama ndogo: tuchague njia kulingana na maji tuliyo nayo

Mwanzisha uzi (Kyeshero, Goma)

Ndugu zangu wa Goma na wa Kivu yote, ninafungua uzi huu kwa sababu kila maji ya bomba yanapokatika katika makartie yetu, orodha ileile ya vifaa huzunguka kwenye simu: chujio la mchanga, chujio la udongo, chupa za kuanika juani, mbegu za mlonge, nyavu za kunasa ukungu. Kila mtu husifu kile alichokiona mahali pengine bila kuuliza kama kinafaa kwa maji ya hapa. Hoja yangu ni kwamba njia ya bei ndogo hubaki na bei ndogo pale tu inapolingana na maji yenyewe, na maji ya Goma yana tabia ambazo si za Bukavu wala za Lubumbashi.

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji yake hupenya katika nyufa za lava na kupotelea chini, kwa hiyo hatuna mto wa kutegemea mjini, na kuchimba kisima kwa mkono katika mwamba ule ni kazi isiyo ya familia. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na mara hiyo ya mwisho mitambo ya maji iliharibika hata watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi. Januari 2025, vita vilipokata umeme, pampu zilisimama. Kila linapotokea jambo la namna hiyo, watu hurudi Ziwa Kivu na bidoni (madumu) za njano, wengine kwa mgongo, wengine kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na maji hayo ndiyo yanayonywewa usiku uleule.

Uwazi wa maji hayo hudanganya. Mtu akichota Kituku asubuhi kabla mitumbwi haijachafua ukingo, huona maji yanayong'aa na kudhani hayana neno. Wazee wetu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipoingia kwa siku chache tu na kunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Kipindupindu na kuhara damu vilifuata, na inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Malori yalivuta maji ya ziwa hilohilo, yakatiwa klorini, na vifo vikapungua. Tangu wakati huo kipindupindu hakijaondoka katika ukanda huu. Hupungua na kurudi.

Kwa kuwa maji ya ziwa hayana tope jingi, njia nyingi zinazosifiwa kwa kuondoa tope hazitusaidii sana. Mbegu za mlonge, kwa mfano, hufanya kazi nzuri ya kukusanya tope likatua chini ya ndoo, na mahali penye mito ya rangi ya udongo ni neema. Lakini mlonge hupenda nchi ya chini yenye joto, na sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, tukinywa maji ambayo shida yake ni vijidudu, si tope. Nyavu za ukungu zimefaa katika milima mikavu ya Chile. Mtu mwenye ziwa mbele yake hana sababu ya kuanza huko.

Njia inayolingana na maji ya namna hii ni klorini. Tazameni hesabu yake. Unga wa kalsiamu haipokloraiti, ule ambao mafundi huuita HTH, huwa na klorini ya karibu asilimia 65 hadi 70. Gramu 15 zake katika lita 1 ya maji hutoa maji-dawa ya asilimia 1. Kwa maji yasiyo na tope, mililita 4 za maji-dawa hayo hutosha bidoni moja ya lita 20, yaani miligramu 2 kwa kila lita. Kwa hiyo lita 1 ya maji-dawa hutibu bidoni 250, ambazo ni lita 5,000. Pipa moja la kilo 45 hutosha kutibu lita milioni 15. Sijaona chujio lolote linaloweza kushindana na hesabu hiyo kwa avenue nzima.

Hata hivyo kuna jambo ambalo waelekezaji wengi hulipita, na ndilo lililonifanya niandike. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili: moja kali, ambayo ni asidi ya haipoklorasi, na nyingine dhaifu zaidi katika kuua vijidudu. Uwiano wa sura hizo hutegemea pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wake. Kwenye pH 7, sehemu kubwa, karibu robo tatu, huwa ile kali. Kwenye pH 9, ile kali hubaki chini ya sehemu 5 kwa 100. Na maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, kwa sababu ziwa letu limejaa madini yatokanayo na volkano. Shirika la Afya Duniani linaposema kwamba baada ya dakika 30 klorini huru, yaani ile iliyobaki majini bila kutumika, isipungue miligramu 0.5 kwa lita, linaweka sharti kwamba pH iwe chini ya 8. Sharti hilo ndilo linalosahaulika ukingoni mwa ziwa, ambapo mtu hutiwa dawa kwa sirinji ndani ya bidoni, akaambiwa asubiri nusu saa, naye akafika nyumbani na kuwapa watoto kabla hata ya nusu saa hiyo.

Vimelea vya kipindupindu hufa kwa urahisi kwa klorini, hata katika maji kama yetu, kwa hiyo nusu saa si bure. Lakini vipo vijidudu vigumu kuliko hivyo. Ninapendekeza kwamba maji ya ziwa yapewe saa 1 kamili, na ikiwezekana zaidi, kabla ya kunywewa, na kwamba kila penye kituo cha kutia dawa pawe na kipimo. Kipimo chenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki na vidonge vya DPD namba 1: kidonge huyeyushwa katika maji, maji huwa ya waridi, na ukali wa rangi hulinganishwa na rangi zilizochorwa pembeni. Mtoto wa shule ya sekondari hujifunza kukitumia kwa asubuhi moja. Bila kipimo tunatia dawa kwa kukisia, na maji yenye mabaki ya viumbe wengi hula klorini yote kabla haijafanya kazi.

Karibuni tuchangie. Ningependa hasa kuwasikia wanaoishi mbali na ziwa.

Mchangiaji (Mugunga)

Aksanti kwa uzi huu. Sisi wa huku juu hatuchoti ziwani kila siku, kwa maana bidoni moja ikifika hapa kwa chukudu bei yake imekwisha kupanda. Tunategemea mvua. Nyumba zetu ni za mbao, lakini paa ni mabati, na kila mmoja ameweka mfereji na pipa. Je, maji ya mvua nayo yatiwe klorini kwa hesabu hiyohiyo? Na swali la pili: watoto wengi wa upande wetu, na zaidi wa kule Sake, wana madoa ya kahawia kwenye meno. Watu husema ni maji. Ni kweli, au ni maneno ya watu tu?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mugunga, umegusa jambo zito kuliko lile nililoanza nalo, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Paa lako kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Goma hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 40, ukihesabu kwamba sehemu 20 kwa 100 hupotea kwa kumwagika na kukauka, litakupa zaidi ya lita 32,000 kwa mwaka, yaani karibu lita 88 kwa siku. Kiwango cha chini kinachotumiwa katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo nyumba ya watu 6 ingekaribia kujitosheleza, kama ingekuwa na mahali pa kuyaweka. Kinachopungua hapa ni chombo, kwa maana mvua ipo. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua sana, na familia hiyo ikitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, siku 90 zinadai lita 1,800. Pipa la lita 200 halifiki mbali. Tangi la saruji lililojengwa juu ya wavu wa chuma hugharimu chini ya tangi la plastiki la ujazo uleule mara nyingi, kwa sababu mchanga unapatikana hapahapa na mafundi tunao, ila linataka fundi anayejua kulimwagilia maji kwa siku kadhaa lisikauke upesi na kupasuka.

Sasa meno. Si maneno ya watu. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi zenye floraidi, mvua huziosha hewani na kuzishusha juu ya mabati yetu. Upepo wa huku huvuma zaidi kuelekea magharibi, ndiyo maana wanaokaa upande huo wa volkano hupata zaidi. Tafiti zilizofanywa kuzunguka Virunga zimekuta floraidi nyingi katika maji ya mvua na katika baadhi ya chemchemi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanajijenga ndani ya ufizi hutoka na madoa yasiyofutika, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia.

Klorini haiondoi floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Chujio la mchanga haliiondoi, wala la udongo. Njia ya gharama ndogo inayojulikana katika Afrika ya Mashariki ni makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru kwa hewa kidogo, husagwa kuwa chembechembe, na maji hupitishwa humo taratibu; madini ya mfupa hushika floraidi. Kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi Nakuru, Kenya, na katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, kwa kuwa nchi zile nazo ziko katika Bonde la Ufa na zina volkano kama sisi. Mifupa isipochomwa vizuri, maji hunuka. Na makaa hayo hushiba: baada ya muda huacha kushika floraidi, na ulimi hauwezi kukuonya, ni kipimo tu kinachoweza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu wa magharibi ni kwamba msiache kuvuna mvua, lakini maji ya paa yawe ya kufua, kuoga na kuosha vyombo, hadi pale floraidi itakapopimwa. Kwa watoto walio chini ya miaka 8 tafuteni maji mengine ya kunywa, hata kama ni bidoni chache tu zinazonunuliwa kwa ajili yao. Moshi ukionekana mzito au majivu yakianguka, ondoeni mfereji kabisa usimwage ndani ya tangi. Kwa siku za kawaida, mvua ya kwanza baada ya jua la siku kadhaa imwagwe: kwa paa la mita 40, bidoni moja au mbili za mwanzo.

Kuhusu klorini katika maji ya mvua: ndiyo, kwa sababu ndege na vumbi hufika juu ya paa. Kiasi ni kilekile, na maji ya mvua hayana pH ya juu kama ya ziwa, kwa hiyo nusu saa inatosha.

Muuguzi (Himbi)

Ninashukuru kwa maelezo ya pH, kwa maana katika vituo vya afya tunaona wagonjwa wanaoapa kwamba maji yao yalitiwa dawa. Ningependa kuongeza yale yanayotokea baada ya ziwa. Maji yanaweza kufika nyumbani yakiwa salama, kisha yakamiminwa katika ndoo iliyo wazi, kikombe kikatumbukizwa pamoja na vidole vilivyoshika mtoto mchafu, na hadi jioni klorini yote imekwisha na vijidudu vimerudi. Bidoni ya mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo, na ndoo yenye kifuniko na robine (koki) ni bora zaidi kwa sababu hakuna mkono unaoingia. Bidoni ioshwe ndani kwa mchanga mkavu au changarawe na sabuni, kwa kuwa utelezi wa kijani ulio ndani yake hula klorini. Wakati wa kunywa, klorini huru isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Jambo jingine: vipo vimelea kama kriptosporidia ambavyo klorini ya kiasi cha kunywa haiviui. Kwa mtoto mchanga asiyenyonya na kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, ninaomba maji yake yachemshwe, hata kama ya wengine wote yametiwa dawa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya, mama yake asimpe maji kabisa.

Mchangiaji (Bukavu)

Salamu kutoka Kadutu. Sisi huku tuna udongo mwekundu na matofali ya kuchoma kila mahali, kwa hiyo nadhani chujio la udongo lisidharauliwe. Lilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, na shirika la Potters for Peace likalieneza katika nchi nyingi. Ni chungu kilichofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao au maganda ya mpunga. Tanuruni unga huungua na kuacha vitundu vidogo mno, kisha chungu hupakwa madini ya fedha. Hupitisha kati ya lita 1 na 3 kwa saa, bila harufu, bila kununua dawa kila mwezi. Kwa nini tusifungue karakana?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Bukavu, ninakubaliana nawe kwa upande wa Bukavu kuliko kwa upande wa Goma. Ninyi mna udongo na waashi wa tanuru, sisi tungeusafirisha. Chungu hicho huzuia bakteria na vimelea wakubwa vizuri, wakiwemo wale kriptosporidia aliowataja Mama Muuguzi, lakini virusi ni vidogo na vingi hupita. Kisha ufa mdogo usioonekana huharibu kazi yote, na barabara zetu mnazijua. Karakana ikifunguliwa, kila chungu kipimwe mwendo wa maji kabla ya kuuzwa: kinachopitisha maji haraka mno kivunjwe palepale, kisiuzwe kwa bei ya hasara kwa maskini. Na maji yakitoka katika chungu hayana dawa ya kuyalinda, kwa hiyo chombo cha kuyapokea lazima kiwe kimefungwa, chenye robine. Kwa nyumba iliyo na mgonjwa au mtoto mchanga, chungu pamoja na klorini kidogo baada yake ndiyo njia ninayoiamini zaidi ya zote.

Chujio la mchanga, lile la zege ambalo Profesa David Manz wa Calgary alilitengeneza kwa matumizi ya nyumbani, ningeliweka shuleni. Ni zito na halihamishiki, hilo ni jambo jema shuleni. Lakini tabaka hai la juu ya mchanga huchukua hadi mwezi kukomaa, na hufa likikauka. Familia ambayo hulazimika kukimbia vita haiwezi kulitunza.

Mchangiaji (Ndosho)

Papa, umesema kidogo sana kuhusu kuchemsha, na mama zetu wengi ndicho wanachokijua. Pia watu huku wanachukia harufu ya klorini, wanasema inaharibu chai. Na zile chupa za juani, zinafaa?

Mwanzisha uzi

Kuchemsha huua kila kijidudu tunachokiogopa. Kwa urefu wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na zinatosha. Yakianza kububujika vizuri, kazi imekwisha. Kinachonizuia kukupendekeza ni makala, yaani makaa ya kupikia, na kuni. Lita 1 ya maji hula karibu kilo 1 ya kuni, na sehemu kubwa ya makala ya Goma hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, mahali ambapo watu hufa kwa ajili ya mti. Mama anayechagua kati ya kuchemsha maji na kupika maharage atapika maharage, na yuko sahihi.

Chupa za juani zinafaa kwa maji ya ziwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu maji hayana tope na jua la nchi ya juu ni kali. Chupa ya plastiki angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, ya lita 2 au chini yake, ilazwe juu ya mabati kwa saa 6. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, iachwe siku 2. Mvua ikinyesha mfululizo, njia hii haifai, na mjini kwetu miezi ya namna hiyo si michache. Familia ya watu 6 ingehitaji chupa 8 za lita moja na nusu kila siku. Kwa mwanafunzi anayepanga chumba peke yake ni njia nzuri sana.

Harufu ya klorini hupungua maji yakimiminwa kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine na kupumzika usiku kucha yakiwa yamefunikwa. Chai ichemshwe kwa maji ambayo hayajatiwa dawa, kwa kuwa moto utafanya kazi hiyo.

Mchangiaji (Ndosho)

Nimeelewa. Kwenye avenue yetu tuna likelemba, yaani mchango wa zamu, ya kina mama. Tukitaka kuanza, tununue nini, na nani ashike dawa?

Mwanzisha uzi

Msinunue pipa zima. Nunueni unga kidogo kutoka kwa mtu anayeonyesha tarehe ya kutengenezwa, kisanduku cha kipimo chenye vidonge vya DPD, sirinji kadhaa zisizo na sindano, na chupa za plastiki zisizopitisha mwanga. Unga wa HTH ni hatari: ukiguswa na mafuta huweza kuwaka, ukichanganywa na asidi hutoa gesi inayoua, kwa hiyo ukae katika nyumba ya mtu mmoja mwaminifu, mahali pakavu, juu ambapo watoto hawafiki. Mshika dawa ndiye anayetengeneza maji-dawa. Wengine wote hupewa chupa zilizokwisha kuchanganywa. Maji-dawa hupoteza nguvu kwa mwanga na joto, basi yatengenezwe ya wiki moja, tarehe iandikwe juu ya chupa, na yaliyobaki yasafishie choo.

Mkipata paneli ya jua, kipo pia kifaa cha WATA kutoka Geneva, ambacho hupitisha umeme katika maji yenye gramu 25 za chumvi kwa lita na kutoa maji-dawa ya gramu 6 kwa lita. Hapo kipimo huwa mililita 7 kwa bidoni badala ya 4. Faida yake ni kwamba chumvi haikosekani sokoni hata barabara zikifungwa.

Siku ya kwanza pimeni klorini katika bidoni kadhaa baada ya saa 1, kisha mpime zilezile asubuhi inayofuata nyumbani kwa wenyewe. Ikiwa asubuhi hakuna rangi ya waridi, ongezeni mililita 1 na kuosha bidoni kwa changarawe kabla ya kulaumu dawa. Leteni majibu hapa, pamoja na mahali maji yalipochotwa, ili wa Katindo na wa Majengo waone kama kipimo chenu kinawafaa nao.